Wamaitha na Kayaki Mbili

Wamaitha hakuwa mtu wa maji. Alikulia Kinangop, kwenye baridi na viazi, na siku ya kwanza kuliona Ziwa Naivasha alikuwa bibi harusi mwenye mzigo mgongoni, akishuka mteremko nyuma ya mumewe Kahiga. Alidhani ni ukungu uliolala bondeni, akauliza utaondoka saa ngapi. Kahiga alicheka mpaka akaketi barabarani.

"Huo ukungu ndio utakaokulisha," akamwambia.

Ukawalisha kweli, ingawa hakuna mtu katika nyumba ile aliyekula kilichotoka humo. Kahiga alifanya kazi ya mashua kwa mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi. Kofia alikuwa na shamba, na humo banda kando ya ziwa, mahali ambapo mafunjo yalikuwa yamefyekwa, na wageni kutoka Nakuru na Nairobi walikuja kwake mwisho wa juma. Wengine walitaka kutembezwa majini kutwa, wengine kuvua samaki, wengine kuvushwa pamoja na mahema yao wakalale ng'ambo. Kahiga aliifanya kazi hiyo pamoja na Kipsang, Mkipsigis kutoka upande wa Kericho.

Mama yake Kahiga, mzee Wanjugu, aliishi nao katika nyumba yao kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Kwake samaki alikuwa jamaa ya nyoka, tofauti ni kwamba huyu alijua kuogelea. Kahiga hakuruhusiwa kuvuka kizingiti kabla ya kusugua mikono kwa majivu. Kwa kina Kipsang pia samaki hakuliwa. Kwa hiyo wanaume hao wawili, walipochoma samaki wao nyuma ya banda na kuwala kwa vidole, kila mmoja alijua kwamba siri yake iko salama kwa mwenzake.

"Siku mama yako akijua, atakuogesha kwa dawa ya kupe," Kipsang alikuwa akisema.

"Na baba yako akijua, atakunyima ng'ombe. Nani aliye hasarani?"

Katika mashua za Kofia kulikuwa na mbili ambazo aliziita kayaki, zote za watu wawili. Moja ililetwa na mgeni wa kutoka Ujerumani, naye akaiacha. Ilikuwa nyembamba, mbavu za mbao zilizovishwa turubai, na juu ilifunikwa, isipokuwa matundu mawili ya kukalia. Ukiingia unaketi chini kabisa na kupenyeza miguu chini ya kile kifuniko, umeinyoosha, nyayo zikisukuma kijiti kilichofungwa kwa ajili hiyo. Nyingine ilichongwa na fundi wa Kihindi wa Nakuru kwa mbao za mtarakwa. Hiyo ilikuwa pana, wazi juu, nzito, na viti vyake vilikuwa mbao zilizolazwa kutoka ubavu hadi ubavu, mtu anakaa kama amekaa kwenye benchi la kanisa.

Kahiga aliipenda ile nyembamba. Alikuwa mrefu, miguu yake ilijaa humo kama mkono katika mfuko. Yeye alikaa mbele na Kipsang nyuma, na watu waliowaona wakivuka maji asubuhi walisema makasia yao yalipanda na kushuka kama ya mtu mmoja. Wote wawili walikuwa na wazo lile lile, na walilizungumza mara nyingi hata wake zao wakalijua kwa moyo: siku moja wapate kayaki yao wenyewe, wavue kwa ajili yao, wakalale ng'ambo kwenye samaki wengi bila kumwomba mtu ruhusa, na mgeni akitaka kutembezwa, aje kwao.

Mwaka wa 1954, serikali ikiwasaka Mau Mau, malori ya askari yalikuja kwenye laini. Wakikuyu walitolewa nje na kuketishwa chini, mikono kichwani, na mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho alipitishwa mbele yao. Alipofika kwa Kahiga aliitikia kwa kichwa. Mpaka leo hakuna ajuaye alikuwa nani, wala aliona nini. Kahiga alipandishwa lori akiwa bado ana magamba ya samaki kwenye suruali.

Wamaitha aliachwa na mtoto mdogo, Wanyoike, na mama mkwe. Kofia alimpa kazi ya kufua mashuka ya wageni, na hiyo ndiyo iliyompatia pasi, yaani kibali cha serikali, ya kubaki shambani. Kipsang na mkewe Chepkorir hawakumtupa. Mara kwa mara Chepkorir alifika na maziwa, akayaweka mlangoni, akaanza kumsema mumewe ili Wamaitha apate kucheka kidogo.

Miaka ikapita hivyo. Kisha, mwanzoni mwa 1957, Wamaitha alikuwa bombani akichota maji pale laini zinapopakana na barabara, akaja mtu aliyekonda, mwenye koti lisilo lake.

"Wewe ndiye wa Kahiga?"

Wamaitha akatua debe chini.

"Yuko hai," yule mtu akasema upesi. "Anzia hapo. Mimi naitwa Ngigi, tulikuwa pamoja kizuizini. Wamenitoa wiki hii."

"Na yeye?"

"Atatoka, ila sijui lini. Sikiliza, nina jambo alilonituma. Tulikuwa tukivunja mawe. Jiwe lilimwangukia gotini, na hakuna aliyemtibu ipasavyo. Limepona likiwa limekunjika." Ngigi alikunja mkono wake kwenye kiwiko, akauacha vile vile. "Hivi. Halinyooki tena. Anatembea na fimbo. Amesema nikwambie wewe, na nimwambie rafiki yake wa mashua, yule mtu wa Kericho. Lakini mimi siwezi kushuka kule bandani, pasi yangu inaishia hapa barabarani. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Amesema mjue mapema. Hataki kufika awaone mkishtuka."

Wamaitha alifika nyumbani debe likiwa nusu, mengine yamemwagika njiani bila yeye kujua. Wanjugu alikuwa akipukuchua mahindi. Wamaitha alianza, "Mama, kuna mtu amenipa habari za Kahiga, anasema mguu..." Hakumaliza. Mzee aliinuka kwa wepesi ambao Wamaitha hakuwahi kuuona, akamfunika mdomo kwa kiganja kilichojaa vumbi la mahindi.

"Umeona kwa macho yako?"

Wamaitha akatikisa kichwa.

"Basi huna habari. Una upepo." Wanjugu hakuondoa mkono. "Mtu aliye mbali hana ngao, mwanangu. Ana midomo yetu tu. Ukimtaja kuwa mgonjwa, umemlaza. Ukimtaja kiwete, umemvunja. Wakati wa vita vya Mjerumani walipowachukua wanaume kubeba mizigo, mke wa jirani yetu alisema, 'Huyu wangu harudi.' Hakurudi. Mimi sikusema kitu, na wangu alirudi, akamzaa huyo Kahiga. Tema."

Alimfungua ukosi wa gauni. Wamaitha alikuwa amebatizwa, na kila Jumapili alikwenda ibada chini ya bati la shule ya shambani. Hata hivyo alitema mate kifuani pake kama alivyofundishwa utotoni, kuligeuza baya lisije, na mama mkwe akampangusa kwa kidole gumba.

"Hujaniambia kitu, nami sijasikia," akasema Wanjugu, akarudi kwenye mahindi yake.

Siku iliyofuata Wamaitha alimwona Kipsang kwa mbali akikung'uta mikeka ya mashua, akapita njia nyingine.

Huenda angelimwambia baadaye, kwa njia ya kuzunguka. Lakini kabla wiki hazijawa nyingi Kofia aliamua kuondoka nchini. Alimwita Kipsang mbele ya banda, akasema naye kwa kile Kiswahili chake:

"Kipsang, mimi kwenda Uleya, hapana rudi. Wewe fanya kazi muzuri. Sasa, kayaki mbili hii, chukua moja, ya wewe. Ile ingine hoteli nataka. Chagua leo. Kesho lori ya hoteli nakuja."

Kipsang hakusubiri hata kushukuru vizuri. Alipanda mteremko mbio mpaka kwenye kamba za nguo, akamkuta Wamaitha katikati ya mashuka.

"Mama Wanyoike, acha hayo. Nusu ya kayaki ni ya Kahiga, kwa hiyo nusu ya kuchagua ni yako. Njoo!"

Chepkorir naye alikuwa ameshafika, mtoto mgongoni, akizizunguka zile kayaki mbili kama mtu aliye mnadani.

"Hii pana," akasema, akiipiga ubavuni. "Ina nyonga. Ng'ombe mwenye nyonga hazai kwa shida."

"Hatumkamui, mama," Kipsang akamjibu.

"Na hii nyingine ni fito. Ukimwekea mtu hema na sufuria, atakaa wapi? Juu ya sufuria?"

"Vitu vinaingia humu chini ya kifuniko, mbele na nyuma. Havilowi. Hiyo yako, mvua ikinyesha tunateka maji na sufuria hiyo hiyo."

Walibishana namna hiyo muda mrefu, na mabishano yao hayakuwa ya bure. Kipsang alijua kila dosari ya kila mashua. Ile pana ilikuwa imara, mtu angeweza hata kusimama na kutupa ndoana, na mgeni mwoga hakupiga kelele ndani yake. Lakini upepo wa alasiri ukianza kushuka bondeni, ilikuwa kama kusukuma mlango uliofungwa. Ile nyembamba ilikata mawimbi, watu wawili waliibeba begani bila kupumzika, na kiboko akiibuka karibu ungeweza kumkimbia. Kwa kuvua tu, ile pana. Kwa safari ya kutwa, nyembamba. Kwa kwenda kulala ng'ambo, Kipsang alikuna kichwa, akasema inategemea ni nani anayepiga kasia mbele.

"Ingia," akamwambia Wamaitha. "Kaa mahali pa mumeo, uniambie."

"Mimi? Ndani ya maji?"

"Maji yenyewe hayafiki hata kifundo cha mguu. Ukizama hapa nitakuzika mwenyewe."

Wamaitha alifunga leso kiunoni, akaingia kwanza ile ya turubai, Kipsang akiishikilia. Aliketi. Chini palikuwa chini kuliko alivyofikiri.

"Nyoosha miguu. Zaidi. Zaidi, Mama Wanyoike, hicho si kitanda cha laini, hakina mwisho!"

Miguu yake ikapotea chini ya kifuniko. Hapo, Kipsang akiwa anamtania Chepkorir, Wamaitha alijaribu polepole kuinua goti moja. Liligonga ubao. Akajaribu tena. Kati ya goti na ubao hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha ngumi. Aliuona mkono wa Ngigi, ule uliokunjwa na kubaki umekunjwa.

Alipoingia ile ya mtarakwa alikaa juu ya ubao, magoti yamekunjika mbele yake kama akaavyo mtu jikoni. Akayainua moja moja. Hewa tupu.

"Hii," akasema. "Tuchukue hii."

Kipsang alimtazama. "Wewe pia? Mmepatana na huyu wangu?"

"Ina nafasi ya hema. Na samaki. Na mtu anaweza kusimama."

Yote hayo yalikuwa kweli, na kwa muda ilionekana kama yangetosha. Kipsang aliuma kidole, akaitazama ile pana, akaitikisa kwa mguu.

"Kahiga mwenyewe angechagua ipi?" akauliza.

Wamaitha alianza kuikaza upya leso kiunoni.

"Sema. Wewe ndiye uliyelala naye akiota."

"Angechagua hiyo nyembamba."

"Sasa tunambishia mtu ambaye hayupo?" Kipsang alicheka, kisha akaacha. "Anarudi, Mama Wanyoike. Anarudi na miguu yake ile mirefu, anikute nimemwekea benchi la kanisa? Atasema Kipsang alidhani nimezeeka. Mbona unachagua kama unamchagulia mgonjwa?"

Aliposikia neno hilo, Wamaitha alihisi tena kiganja mdomoni mwake, na ladha ya vumbi la mahindi. Nusu ya kuchagua ilikuwa yake. Angesema tu, goti lake halinyooki. Maneno matatu. Lakini aliona kwamba akishayatamka pale, mbele ya watu na jua, yatakuwa yamekwisha kuwa, na huko mbali alikokuwa Kahiga chochote kilichokuwa bado kinaweza kupona kisingepona tena.

"Simchagulii mgonjwa," akasema. "Chukua nyembamba."

Njiani kurudi Chepkorir alimwambia mumewe, "Yule mwanamke ana neno kooni."

"Ana huzuni kooni. Mwache," Kipsang akajibu.

Kesho yake lori lilikuja, likabeba ile ya mtarakwa.

Kwa zaidi ya mwaka Kipsang aliitunza ile kayaki kuliko alivyozitunza nguo zake. Alipata kibali cha kuvua kwa jina lake. Alibandika viraka penye turubai lililochoka, akapaka mbao mafuta, na kwa kukumbuka tu akafunga kile kijiti cha mbele mahali nyayo za Kahiga zingefika. Kuvua peke yake humo kulikuwa taabu. Mashua iliinua pua, naye aliweka jiwe mbele ili itulie, na alirudi na samaki wachache. Watu walimshauri atafute mwenzake. Akasema anaye.

Wamaitha alipopita na mashuka ya mwenye shamba mpya alimwona Kipsang akiwa amepiga magoti kando ya chombo kile, kitambaa mkononi. Kila mara alikusudia kusema. Lakini sasa jambo lenyewe lilikuwa limeongezeka. Kumwambia habari za goti kungekuwa pia kumwambia kwamba siku ile alijua. Alimsalimia, akapita. Usiku aliomba Mungu amnyooshe Kahiga goti, na alijua wakati akiomba kwamba anaomba mambo mawili kwa pamoja.

Kahiga aliachiliwa mwaka wa 1958. Lori lilimshusha njiapanda na akatembea kilichobaki, fimbo mkononi, bega moja likipanda na kushuka. Wanjugu ndiye aliyemwona kwanza. Alisimama uani akapiga vigelegele vitano, vile vya kumpokea mtoto wa kiume aliyezaliwa, na majirani wakatoka kuuliza ni nani amejifungua. Kisha mzee alimshika mwanawe kichwa, mabega, mikono. Mkono wake uliposhuka ukafika gotini, ulilipita.

Kipsang alikuja mbio kutoka ziwani, miguu mitupu.

"Umekonda, bwana! Nikikuweka mbele upepo utakubeba!"

"Na wewe umenenepa. Bila shaka samaki wangu umewala peke yako."

"Shh! Mama yako huyo."

Walicheka, wakashikana mikono muda mrefu. Kipsang aliliona goti. Asingeweza kutoliona. Lakini alidhani ni uchovu wa safari na jeraha la juzi, kitu kitakachopoa. Hakutaka kumwaibisha mtu siku ya kurudi kwake, kwa hiyo hakuuliza. Kahiga naye alipoona haulizwi, alifurahi. Aliamini ujumbe wake ulifika, wameshalia, wamemaliza.

"Kesho majini?" Kipsang akauliza.

"Kesho majini," akasema Kahiga, na usoni pake palikuwa na kitu ambacho Wamaitha alikuwa amekisahau.

Asubuhi walishuka, Wamaitha nyuma yao na kikapu cha viazi vitamu. Alitamani njia iwe ndefu. Kipsang alikuwa ameiweka kayaki ukingoni, inang'aa mafuta, makasia mawili juu yake. Kahiga alisimama.

"Nzuri," akasema. Akaangaza huku na huku. "Na ile nyingine iko wapi?"

"Ipi?"

"Ile pana."

"Iko hotelini. Kofia alituachia moja tu. Tulichagua hii yako."

Kahiga alimpa Kipsang fimbo, akashika ukingo wa tundu la mbele, akaketi. Mguu mzima uliingia. Ule mwingine aliushika kwa mikono yote miwili kama kitu cha mtu mwingine, akajaribu kuupenyeza kwa upande, kisha kwa chini. Goti lilikwama kwenye ubao. Kipsang aliinama kumsaidia, akasukuma, taratibu kwanza.

"Nyoosha kidogo tu, ndugu yangu. Kidogo."

"Sukuma."

Akasukuma. Kahiga alitoa sauti ambayo Wamaitha hakuwahi kuisikia kwake, mashua ikalala ubavu, wote wawili wakaingia majini, maji ya kufika mapajani tu. Kipsang alimwinua akamketisha kwenye tope.

Walikaa pale wakihema. Kisha Kahiga akauliza, bila hasira, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali:

"Ngigi hakukwambia?"

"Ngigi gani?"

"Nilimtuma kwenu. Mwaka jana, alipotoka. Nilimtuma akwambie habari ya goti."

"Mimi sijamwona Ngigi."

Wamaitha alikuwa juu yao, kikapu bado mkononi.

"Aliniambia mimi," akasema.

Kipsang aligeuka. Wamaitha aliona macho yake yakirudi nyuma, mpaka kwenye asubuhi ile ya kuchagua, yakimtazama akiwa ameketi katika ile pana na kusema tuchukue hii.

"Nilikuuliza," Kipsang akasema mwishowe. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

"Uliniuliza."

"Kwa nini, Mama Wanyoike?" Huyu alikuwa Kahiga.

Angeweza kumtaja Wanjugu. Hakumtaja. "Niliogopa nikilisema litakuwa," akasema.

Kahiga alilitazama goti lake, lenye tope, limesimama mbele yake.

"Lilikuwa limekwisha kuwa," akasema. "Ndiyo maana nilimtuma mtu."

Siku hiyo hiyo Kipsang alikwenda hotelini kuomba wabadilishane. Meneja alimsikiliza vizuri. Akasema ile ya mtarakwa wageni wanaipenda sana, imeshapakwa rangi na kuandikwa jina la hoteli, na hiyo ya turubai hawana kazi nayo. Kipsang aliporudi alichukua msumeno. Kahiga alimkuta ameshauweka juu ya kifuniko cha mbele.

"Ukikata hapo, mbavu zitalegea. Itakunjika katikati ya ziwa."

"Nitaifunga kwa waya."

"Itakunjika, Kipsang. Unajua itakunjika."

"Basi ikunjike!"

"Na watoto wako je?" Kahiga akamtoa msumeno mkononi, polepole, kama anavyonyang'anywa mlevi panga. "Tafuta mtu wa mbele. Usiniue mara mbili."

Mtu wa mbele alipatikana, kijana mmoja mwenye nguvu aliyeitwa Micah, na kayaki ikaanza kufanya kazi iliyokusudiwa. Walivua, walilala ng'ambo, walitembeza wageni. Mwanzoni Kahiga alishuka ukingoni kila asubuhi, akamkosoa Micah, akasaidia kuwatoa samaki ndoana. Utani ulikuwepo, lakini Kipsang alicheka kabla haujafika mwisho. Kisha Kahiga akaanza kushuka mara chache. Kipsang aliwahi kusimulia kwamba siku moja alimwona kwenye gati ya hoteli. Mlinzi alimruhusu kuingia katika ile kayaki ya mtarakwa ikiwa imefungwa. Kahiga alikaa ubao wa mbele, goti lake likiwa na nafasi yote, mikono imelala mapajani. Alikaa kidogo, akashuka, akamshukuru mlinzi.

Kabla mwaka haujaisha alitafuta kazi ya kulinda lango katika shamba moja upande wa Longonot, akaipata. Wamaitha alifunga vyombo. Kipsang alikuja kuwabebea mizigo mpaka barabarani, na Chepkorir alileta kibuyu cha maziwa, akamkumbatia Wamaitha bila kutania chochote. Kati ya Kipsang na Wamaitha kulikuwa na salamu tu.

Njiani Wanjugu, aliyekuwa amekaa juu ya magunia ndani ya lori, aliinama akamnong'oneza mkaza mwanawe.

"Umeona? Ulinyamaza, na amerudi. Wangapi hawakurudi?"

Wamaitha alimtazama mzee kuona kama anajitetea. Hakuwa anajitetea. Alikuwa anamshukuru. Na ilikuwa kweli kwamba wengi hawakurudi, na hakuna awezaye kujua ni nini kilichomrejesha yeyote.

Tangu wakati huo alikuwa mtu wa kusema. Aliona donda, akasema donda. Jirani alipoficha homa ya mwanawe, Wamaitha alisimama uani akaitaja kwa jina, na wanawake wa kule Longonot walimwona mwenye mdomo wa mkosi, wakawafunika watoto wao alipopita. Yeye hakuwalaumu.

Siku waliyofika kwenye lango lile walikuta kibanda cha mawe, pipa la maji na benchi. Mbele kulikuwa na reli, na upande wa magharibi kilima kidogo cha mawe meusi kilichoziba bonde lote. Wamaitha alisimama akakitazama kilima kile, akageuka.

"Baba Wanyoike, hapa ziwa halionekani."

Kahiga alikuwa ameshaketi kwenye benchi, mguu mmoja ameunyoosha, mwingine haukunyooka.

"Najua," akasema. "Nilikuja kuangalia kabla sijakubali."